Waya wa Bangili Mahali pa Fyuzi

Wiki iliyopita, hapa Nyasura mjini Bunda, nilimkuta fundi mmoja kijana amepanda kiti jikoni kwa jirani yangu. Jirani kanunua jiko la umeme, na kila akiliwasha breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, inaruka. Kijana akaona dawa ni rahisi: akang'oa ile breka ndogo, akaweka kubwa. "Mzee, sasa hairuki tena," akaniambia huku anajifuta jasho, amefurahi kama aliyepata mtoto wa kwanza.

Sikumtukana, ingawa mdomo uliniwasha. Nilimshusha kwenye kiti, nikamwita kwangu, nikampa chai. Nikamwambia kosa hilo mimi nililifanya kabla baba yake hajazaliwa, tena nilimzidi kwa ubunifu, maana yeye katumia breka ya dukani na mimi nilitumia waya wa bangili ya shangazi yangu. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Mke wangu akasema, "Hayo yaandike, usije ukazikwa nayo." Basi nayaandika, na ninyi vijana mnaopanda viti jikoni kwa watu mnisikilize.

Jina langu Magesa, mzaliwa wa Butiama. Nimefanya kazi ya umeme zaidi ya miaka arobaini, na mengi niliyoyajua niliyajua baada ya kuyakosea. Nilianza enzi ya Mwingereza, wakati mji wa Musoma ulikuwa na mtambo wa dizeli uliokuwa ukikohoa upande wa ziwani. Taa zilikuwa kwa maofisa, hospitalini, kwenye maduka kadhaa, na katika nyumba chache za mtaa wa Iringo. Bunda mjini hapakuwa na umeme, ila kiwanda cha kuchambulia pamba kilikuwa na jenereta yake. Butiama kwetu tulikuwa na jua mchana na mwezi ukipenda.

Aliyenifundisha ni Fundi Mikidadi. Baba yake Mmanyema wa Ujiji, mama yake Mnubi wa Kisumu, na yeye mwenyewe alioa Musoma akasema hapa ndiyo mwisho wa safari. Alivaa kofia nyeupe kazini, kwenye dari, kwenye vumbi, kwenye masizi, na sikuwahi kuiona ina doa. Kueleza alikuwa haelezi. Alikuwa anauliza. Unafunga waya, anakuja nyuma yako, anauliza, "Umeme ukifika hapa unakwenda wapi?" Usipojua, unafungua unaanza upya.

Siku ya kwanza aliyonipeleka Bunda, kule kiwandani, niligusa waya kwa ganja la mkono ili nijue kama una moto. Niliujua. Ulinishika, ukanitetemesha, kisha sijui Mungu alifanyaje, nikajikuta nimerushwa ndani ya rundo la pamba. Nilitoka mle mweupe pe, na wale wafanyakazi wakaniita Kondoo mwezi mzima. Fundi Mikidadi alinipangusa pamba masikioni akasema, "Mkono ukipigwa na umeme unafumba. Ukigusa kwa ganja, utaukumbatia. Ukigusa kwa mgongo wa kidole, mkono utaruka." Akanitoa pamba nyingine puani. "Lakini mwenye akili zake anazima kwanza meni swichi, ile kubwa inayokata umeme wote, hagusi kwa popote." Hiyo ya mwisho ndiyo mshike.

Sasa nije kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mjane wa Iringo. Kwa miaka kumi na minane alioka mikate na skonzi katika tanuri la udongo uani kwake, na hoteli nyingi za chai mjini zilimtegemea yeye. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka sokoni. Lakini macho yake! Moshi wa kuni ulikuwa umeyala. Mekundu, yamevimba, yanachuruzika machozi toka alfajiri, na ncha ya khanga haimtoki mkononi. Wateja aliwatambua kwa sauti. Daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka: aache moshi, au kabla ya mwaka kwisha binti yake Asha atamshika mkono kumvusha barabara. Na kuoka ndiko alikokujua, ndiko kulikomlea Asha.

Kaka yake, Saidi, alikuwa mpishi katika meli ya Kisumu na Mwanza iliyokuwa ikipitia Musoma. Huko Kisumu familia moja ya Kizungu ilikuwa inarudi kwao, inaacha vitu. Saidi akaikomboa oveni yao ya umeme, kubwa, nyeupe, yenye milango miwili, akaipakia melini. Ilipopandishwa kutoka bandarini juu ya mkokoteni, watu wanne wakiisukuma, nusu ya mtaa iliisindikiza. Mmoja alisema ni mashine ya kunyolea kondoo. Bi Zuhura aliipapasa kama mtu anayempokea mkwe, kisha akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Aliita vijana wawili wenye majembe, akawaambia wabomoe tanuri la udongo saa ileile. Wanawake wakapiga vigelegele. "Moshi, kwaheri!" akapaza sauti. "Usinisalimie hata kwa barua!"

Fundi Mikidadi alifika jioni hiyo kuangalia jiko. Jikoni mlikuwa na laini moja tu: taa moja darini na soketi moja ukutani ya kuchomekea pasi. Akafungua soketi, akavuta waya kidogo, akaniita. "Magesa, hesabu nyuzi." Ndani ya ule mpira mlikuwa na uzi mmoja wa shaba, mwembamba. Zama zile nguvu ya waya ulikuwa unaijua kwa kuhesabu nyuzi zake. Uzi mmoja ni wa taa. Nyuzi saba ndio unaanza kuzungumza habari za kupika.

"Oveni hii inakula ampea ishirini," alimwambia Bi Zuhura. "Laini hii ni ya ampea tano. Inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye ubao wa fyuzi. Waya wa nyuzi saba sina. Saidi ataleta kwa safari ijayo. Usubiri siku tisa, Mama Asha."

"Siku tisa nitaokea wapi?"

Fundi akatazama uani, akaona kifusi cha tanuri. "Mmelibomoa?"

 Asha akaangalia vidole vyake vya miguu. Fundi akavuta pumzi, akanigeukia. Kesho yake alikuwa anakwenda Bunda kwa kazi ya kiwandani. "Usiiguse mpaka nirudi," akaniambia, na mimi nikaitikia, ndiyo Mzee.

Siku ya kwanza Bi Zuhura alipika chapati juu ya mafiga, kuni mbichi, moshi usoni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu macho yalivimba hata la kushoto likafumba kabisa, na hoteli mbili zikatuma watu kuuliza kama ameacha kazi. Nilipita kumjulia hali, nikamkuta amekaa kwenye kigoda, kitambaa cha maji usoni.

"Magesa, wewe si fundi?"

"Fundi niko, Mama, lakini Mzee Mikidadi alisemaga tusubiri."

"Mikidadi yuko Bunda anakulaga nyama. Mie niko huku na moshi." Akaondoa kitambaa. "Iangalie hii oveni. Imenunaga tu hapo. Nimebomoa tanuri kwa sababu yenu mafundi mlisema umeme unapika. Haya, unapika wapi?"

Vijana, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nina testa mfukoni na kalamu sikioni. Mtu akiniuliza kama mimi si fundi, akili ilikuwa inanitoka. Pia nilimwonea huruma, sitadanganya. Jicho lile lililofumba lilinichoma moyo.

Nikaiunga oveni kwenye laini ya pasi. Nikaiwasha. Fyuzi ikakatika papo hapo, pa! Kwa ninyi mliozaliwa na breka: fyuzi ya zamani ilikuwa kigae cha kauri chenye uzi mwembamba kati ya skrubu mbili. Umeme ukizidi, uzi unayeyuka, laini inakufa. Nikaweka uzi mwingine. Pa! Nikaweka nyuzi mbili pamoja. Hizo zilivumilia, oveni ikaanza kupata joto, Bi Zuhura akaanza kukanda unga huku anaimba. Unga ulikuwa haujaumuka bado, zikakatika nazo, na nyuzi za fyuzi zikaniishia.

Hapa ndipo inapoingia bangili.

Kwetu Butiama, waya wa shaba ulikuwa pambo kabla haujawa umeme. Wanawake walizungushiwa mikononi na miguuni, na fundi wa bangili aliheshimika. Bangili ikikatika mkononi mwa mwanamke, watu hawamcheki mwanamke, wanamcheka aliyeisuka. Mimi nimekua na hilo. Kitu cha shaba kikikatika ni aibu ya fundi. Kwa hiyo kila fyuzi ilipokufa mbele ya Bi Zuhura, mimi nilisikia watu wa Butiama wananicheka. Niliona uzi wa fyuzi ni kazi mbovu ya Wazungu, kitu dhaifu kisichofaa nyumba ya mtu anayefanya kazi. Na wiki iliyotangulia shangazi yangu Wakuru alikuja Musoma kusukiwa bangili mpya, akaniachia kipande cha waya kilichobaki, mnene, mwekundu, umenyooka vizuri.

Nikakimbia chumbani kwangu. Nikarudi nao. Nikaukata, nikaufunga kati ya skrubu mbili, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nilipowasha, kimya. Hakuna pa. Oveni ikapata joto, mikate ikaingia, na mimi nikasimama mlangoni mikono kiunoni. Asha akaniletea chai yenye sukari vijiko vitatu.

Haikupita hata nusu saa. Bi Zuhura akainua uso.

"Kuna moshi."

"Hapana, Mama. Ni unga umemwagikia chuma."

"Magesa, mie na moshi tumekaaga nyumba moja miaka kumi na minane. Huu si wa unga."

Macho yale yaliyokuwa hayaoni yalijua kabla ya pua yangu. Nikageuka. Rangi ya ukuta juu ya soketi ilikuwa inageuka kahawia, mstari mzima kupanda darini, ukifuata waya uliko ndani. Soketi yenyewe ilikuwa inalainika. Asha akanyanyua ndoo ya maji. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika kijiji cha Murangi: "Usimwage!" Nikaruka kwenye ubao, nikashusha meni swichi. Ndipo tukaupiga ubao wa dari ulioanza kuwaka kwa gunia lililoloweshwa, ukazimika. Shikeni hili hata kama mengine mtayasahau: maji na umeme ulio hai msivikutanishe. Kwanza unaua umeme, halafu moto.

Nyumba ilipona. Laini ya jikoni ilikufa yote. Mikate ilitoka imebabuka upande mmoja, na ndani ni uji.

Majirani walijaa uani na kila mmoja alikuja na maelezo yake. Oveni ni mbovu, ndiyo maana Mzungu aliiacha. Oveni imezoea nyumba ya Kizungu, inakataa nyumba ya Iringo. Mzee mmoja alishauri isomewe. Bi Zuhura alisimama katikati yao, jicho moja limefumba, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Alhamisi meli inakuja. Saidi airudishe. Nileteeni udongo, nitajenga tanuri langu."

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshachomoa ule waya wa bangili kwenye kigae, nimeutia mfukoni. Hakuna aliyeniona. Niliwaacha waisingizie oveni. Kosa la kuunga waya lilikuwa la ujinga, na mtu anasamehewa ujinga. Hilo la mfukoni lilikuwa langu, nililifanya nikiwa na akili timamu. Siku nne nilipita kwa mbali nikiona vijana wanabeba udongo kutoka mtoni, na nilijua kila karai wanalobeba linamrudisha yule mama kwenye upofu. Chakula hakikupita. Nilinunua samaki ningu mzima wa kukaanga, nikampa paka.

Fundi Mikidadi alirudi Jumatano, juu ya lori la pamba. Hakuniuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura, akautazama ukuta, akafungua ubao, akachomoa kigae cha fyuzi, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Kitupu. Akanirudia nje barabarani, nilikokuwa nachungulia.

"Uzi uliokuwa humu uko wapi?"

Nikatia mkono mfukoni. Nikautoa.

Aliupokea, akaupima kwa kidole, akaukunja, ukagoma kukunjika. "Huu," akasema, "unafungia ng'ombe dume." Kisha akaanza kucheka. Alicheka akainama, akacheka akashika ukuta, kofia ikaanguka vumbini, kofia ambayo sikuwahi kuiona ikianguka. Mimi nilikuwa karibu kulia na yeye anacheka. Nikamweleza habari za bangili, habari za aibu ya kitu kukatika. Hapo akaacha kucheka, akaokota kofia.

"Fyuzi kazi yake ni kukatika," akasema. "Ikikatika, imefanya kazi. Wewe ulitaka kitu kisichokatika, basi ukuta ndio ukakatika." Akanirudishia waya. "Nani anajua?"

"Wewe, Mzee."

"Basi bado mmoja. Nenda. Mimi sikusindikizi."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikwenda. Bi Zuhura alikuwa uani, miguu ndani ya udongo anaukanyaga, kitambaa machoni, Asha anamshika kiwiko. Nikasimama mbele yake nikasema yote, haraka, kabla ulimi haujagoma. Oveni ni nzima. Mimi niliambiwa nisiguse, nikagusa. Niliweka bangili mahali pa fyuzi. Kisha nikaificha msijue.

Aliacha kukanyaga. Akaondoa kitambaa machoni.

"Kumbe ni wewe? Si oveni?"

"Ni mie, Mama."

"Alhamdulillahi!" Alipaza sauti ile ya sokoni. "Wewe unafundishika. Oveni ingekuwa mbovu, mie ningeifundishaje?" Kisha akainama, akachota donge la udongo, akanirushia. Kwa mtu asiyeona vizuri, alilenga kweli. Lilinipata kifuani. "Hilo ni la kunificha," akasema. "La kuchoma ukuta nimesamehe. Kosa moja haliachi mke." Akachota jingine, nikakimbia, na Asha alicheka akakaa chini palepale kwenye udongo.

Saidi alifika na meli Alhamisi, na waya wa nyuzi saba begani. Ijumaa baada ya swala tukaanza. Nilidhani Fundi Mikidadi ataninyima hata kushika bisibisi, lakini alivuta kigoda, akakaa mlangoni, akasema, "Fanya wewe. Mimi nitauliza."

Aliuliza siku mbili. Nilivuta laini mpya kutoka kwenye ubao hadi jikoni, peke yake, isiyochangia na taa wala pasi. Ilipata fyuzi yake na swichi yake ya chuma. Nilikuwa nimeipima swichi ikae juu ya oveni, pazuri kwa macho. Akauliza, "Mafuta yakiwaka, mkono utapita wapi kuizima?" Nikaihamishia pembeni, karibu na mlango. Kila skrubu niliikaza, akaniambia nikanywe maji, nirudi niikaze tena. Skrubu nyingi zilikubali kuzunguka kidogo. Shaba inakaa taratibu chini ya skrubu, na kiungo kilicholegea ndicho kinachopata joto. Mpaka leo nakaza mara mbili, na katikati nakunywa maji.

Ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ndiyo ilitutoa jasho. Mnaijua Musoma, ukichimba unakutana na jiwe, na jiwe kavu halipokei umeme. Nilijaribu mahali patatu, tindo ikawa inatoa cheche. Fundi akamwuliza Bi Zuhura, "Maji ya vyombo unamwaga wapi?" Nyuma ya jiko, kwenye migomba. Tukachimba pale, udongo mweusi, laini, unyevu. Tukazika bamba la shaba na mkaa na chumvi, tukaleta waya wake mpaka kwenye mwili wa oveni, ili siku umeme ukitoroka upite huko usipite kwa mpishi. Fundi akamwagiza Bi Zuhura amwagie ndoo ya maji kila wiki wakati wa kiangazi. Kwa miaka mingi wageni walidhani pale pamezikwa mtu wa familia, kwa jinsi alivyokuwa akipatunza.

Mwisho Fundi akanipa uzi wa fyuzi, ule wa kipimo chake, akaniacha niufunge mwenyewe.  Nilipomaliza nikauona mwembamba mno, nikamtazama Fundi.

"Unakatika?" nikauliza.

"Inshallah, siku ikibidi," akasema.

Jumapili, nilipotoka misa, tukawasha. Fundi aliniambia niseme neno kabla ya kushika swichi. Yeye akasubiri Bismillahi, mimi nikaanza kupiga ishara ya msalaba, tukatazamana. Bi Zuhura akatukata: "Fanyeni zote mbili, umeme haukuuliza dini ya mtu. Washa!" Nikawasha. Nyumba ya tatu fundi cherehani mmoja akalalamika kwa sauti kwamba taa yake imenywea. Ndivyo ilivyobaki kuwa Iringo: taa zikinywea kidogo alasiri, watoto wanasema mkate umeingia.

Hatukuweka mkate mara moja. Tuliiacha oveni iwake tupu nusu saa, na mimi nikapitisha mgongo wa mkono kwenye laini yote, kutoka ubao mpaka nyuma ya oveni, kila kiungo. Baridi. Nikanusa soketi, nikanusa ukuta, nikanusa swichi, watu wakinicheka kwamba nimekuwa mbwa wa polisi. Nanyi nuseni. Pua ni kipimo ambacho hamtakisahau nyumbani.

Kisha mikate ikaingia, kumi na miwili, na kila mtu akazungumza kwa wakati mmoja, isipokuwa Bi Zuhura. Alivuta kigoda akakiweka mbele ya oveni. Tangu donge lile la udongo hakuwasha tena kuni, na kwa siku zile nne jicho la kushoto lilikuwa limefunguka. Kila baada ya muda aliufungua mlango kidogo, akachungulia, akaufunga. Mara ya nne hakuufunga haraka. Mikate ilikuwa imepanda, migongo yake inaanza kuwa ya dhahabu, na hewa iliyotoka ilikuwa ya mkate peke yake.

"Asha," akasema, "kumbe mikate inaanzaga kuwa myekundu pembeni, halafu ndiyo katikati?"

Miaka kumi na minane alikuwa ameoka kwa kuhesabu na kwa kunusa. Asha akachuchumaa kando yake, akaona mashavu ya mama yake yameloa. Akashtuka, akanitazama mimi vibaya, akatazama ukuta, akatazama ubao wa fyuzi, kisha akanyoosha ncha ya khanga amfute.

"Mama, unachuruzika machozi. Moshi unatoka wapi?"

Bi Zuhura akausukuma mkono wake taratibu.

"Hakuna moshi, mwanangu. Haya ya leo ni yangu mwenyewe."